Kugeuza sukari ya magunzi kuwa mafuta kwa kutumia chachu, hatua kwa hatua

Hii naandikia wanafunzi na mafundi wa maabara hapa Uganda, uko Makerere, uko Busitema, uko Mbarara au Kyambogo, mna autoklevu (ile ya kuchemsha kwa mvuke wenye presha), mna mashine ya kutikisa flaski na sentrifuji (ya kuzungusha na kutenganisha) hata kama ni ya zamani, na unatafuta mradi ambao hautamaliza pesa yote ya mzazi kwenye malighafi.

Jambo lenyewe ni hivi, kuna aina za chachu ambazo ukizilisha sukari zinajaza mafuta ndani ya seli, tunaziita chachu za mafuta pale zinapopita asilimia 20 ya uzito mkavu, na zingine zikitunzwa vizuri zinapita hata asilimia 60. Mafuta yenyewe ni trigliseridi, yale yale ya jikoni, yamejaa asidi ya palmitiki na oleiki, yani yanakaribiana sana na mawese. Na mimi hapo ndo moyo wangu uko. Kule Kalangala kwenye kisiwa cha Bugala msitu umekatwa kupisha michikichi, huku Masindi na Iganga ukipita baada ya kupukuchua mahindi unakuta marundo ya magunzi, mengine yanaingia sigirini na mengi yanachomwa tu au yanaoza. Ndani ya yale magunzi kuna sukari nyingi, imefungwa tu.

Kabla hujashika kitu, elewa njaa ya nitrojeni

Ukisoma sehemu moja tu ya huu mwongozo soma hii. Seli ikiwa na sukari na nitrojeni inatengeneza protini, inakua, inagawanyika, kazi ya kila siku. Sasa nitrojeni ikiisha na sukari bado iko, haiwezi kutengeneza protini mpya lakini sukari inaendelea kuingia. Kiwango cha AMP (molekuli ndogo ya mambo ya nishati) ndani ya seli kinashuka, kile kimeng'enya cha kuendesha isositrati kwenye mitokondria kinahitaji AMP kwahiyo kinalegea, sitrati inarundikana, inatoka nje ya mitokondria na huko inakutana na kimeng'enya kingine, ATP-sitrati liasi, ambacho kinaikata na kuachia asetili-koA, na asetili-koA ndo matofali ya kujengea mafuta. Hamira ya mkate ya dukani haina hiyo liasi, ndo maana hata uilishe sukari ya kiwanda cha Kakira nzima itakupa pombe na gesi tu, mafuta hapana, usijaribu.

Kwahiyo kazi yote inayofuata ni kuleta hiyo njaa kwa wakati wake na kuilinda isiharibiwe. Nimeona miradi mingi mizuri inafeli si kwa sababu ya chachu mbaya, ni nitrojeni imeingia kwa mlango wa nyuma na mwenye mradi hana habari.

Hatua ya 1: chagua chachu

Mimi kwa magunzi napendelea Rhodotorula toruloides, kwenye vitabu vya zamani utaikuta inaitwa Rhodosporidium. Inakula glukosi na zailozi zote mbili (ndo sukari kuu zilizofungwa kwenye magunzi), inapenda nyuzi 28 hadi 30, na ina rangi ya pinki kwenda machungwa kwa sababu ya karotenoidi, hiyo rangi inakusaidia sana maana koloni nyeupe ikitokea kwenye sahani unajua papo hapo kuna mgeni. Lipomyces starkeyi nayo ni nzuri, inatengeneza tone moja kubwa la mafuta ndani ya seli, ila ni ya polepole, inataka uvumilivu. Cutaneotrichosporon oleaginosus inakula karibu kila kitu, zailozi, laktosi, gliseroli. Yarrowia lipolytica ndo imeandikwa sana lakini ile ya asili zailozi inaishinda na sukrosi haigusi, kwahiyo kwa magunzi au molasi utahangaika bure.

Omba kupitia idara yako kwenye hifadhi zinazojulikana kama DSMZ ya Ujerumani au NRRL ya Marekani, makaratasi ya kibali yaanze mapema sana, hiyo ndo sehemu inayochelewesha watu. Unaweza pia kutafuta za kwenu kwenye majani na udongo, utapata chachu nyingi za pinki, lakini kuwa makini, Rhodotorula mucilaginosa iko kila mahali na inaweza kumwingia mtu mwenye kinga dhaifu hasa aliye na mirija ya hospitali, kwahiyo hujaitambua aina yake usiikuze kwa lita.

Hatua ya 2: vunja magunzi kwa asidi

Kausha magunzi juani mpaka yakatike kwa sauti, saga kwenye mashine ya kusaga chakula cha kuku, chekecha upate chenga za milimita moja mbili. Unga laini kabisa hautaki, utakusumbua kwenye kuchuja.

Pima gramu 100 kwa kila lita moja ya asidi salfuriki ya asilimia 1. Asidi ya maabara ya asilimia 98 unahitaji kama mililita 5.5 kwa lita, na ni asidi ndo inaingia kwenye maji, pole pole, huku unakoroga, maji hayamiminwi kwenye asidi hata siku moja. Vaa miwani. Asidi ya betri kuukuu sitaki kusikia, ina risasi. Weka kwenye chupa za kioo, sufuria ya chuma italika, ingiza autoklevu nyuzi 121 kwa dakika 45 hadi 60.

Hapa kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya watu wa pwani havisemi. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka nyuzi kama 96, na presha kuka ikionyesha 15 psi ndani yake ni kama nyuzi 119, sio 121. Kama mashine yako inafuata kipimo cha joto sawa, kama inafuata geji ya presha tu basi ongeza dakika kadhaa au panda hadi 17.

Ikipoa chuja kwa kitambaa halafu kwa karatasi. Unachopata ni juisi ya kahawia yenye zailozi nyingi, glukosi na arabinosi kidogo, kwa kawaida gramu 20 hadi 30 za sukari kwa lita. Yale mabaki yanayobaki ni selulosi na lignini, selulosi unaweza kuivunja kwa vimeng'enya kwa nyuzi 50 na pH 4.8 kwa siku mbili tatu, lakini vimeng'enya ni ghali, mara ya kwanza achana nayo.

Hatua ya 3: punguza sumu

Asidi ikivunja magunzi inaacha pia asidi asetiki, furfurali na fenoli, na hizi zinaidumaza chachu, wakati mwingine inakaa siku mbili haisogei. Kama una evaporeta ya kuzunguka, punguza maji kwa vakyumu karibu nyuzi 60 wakati juisi bado ni kali, maana asetiki na furfurali ni za kupaa na zinapaa vizuri kwenye pH ya chini, unaua ndege wawili kwa jiwe moja, sukari inapanda hadi 50 hivi na sumu inapungua.

Halafu pasha hadi nyuzi 50 au 60, weka chokaa kidogo kidogo mpaka pH ifike 10, usipite hapo maana sukari nayo itaanza kuharibika, acha dakika 30 huku unakoroga, chuja ule unga mweupe wa jasi. Rudisha pH 5.5 hadi 6 kwa asidi salfuriki, chuja tena. Mwisho mkaa amilifu, gramu 10 hadi 20 kwa lita, koroga nusu saa au saa moja, chuja. Mkaa wa sigiri haufanyi hii kazi. Juisi inatoka kahawia nzito inakuwa njano, na ile harufu ya lozi chungu ambayo ni ya furfurali inapotea au inabaki kwa mbali. Asetiki itakayobaki isikutie wasiwasi, kwenye pH 6 makali yake yameshuka na hizi chachu zinaila.

Na tafadhali sana, miongozo mingi ya kutengeneza pombe kutokana na mabaki ya mimea inasema punguza ukali wa asidi kwa amonia. Kwa pombe ni sawa. Kwetu hapana kabisa, amonia ni nitrojeni, umeua mradi kabla haujaanza.

Hatua ya 4: hesabu ya nitrojeni

Chukua muda hapa. Pima sukari kwanza kwa njia ya DNS, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sukari, ile inayosomwa kwenye nanomita 540 (kama unatumia molasi ya Kakira, Lugazi au Kinyara badala ya magunzi kumbuka DNS haioni sukrosi, ivunje kwanza kwa asidi). Halafu peleka sampuli ya juisi ikapimwe nitrojeni yote kwa njia ya maabara iitwayo Kjeldahl. Watu wanaruka hii ya pili, wanaona magunzi ni makavu tu hayana kitu. Magunzi yana protini kama asilimia 3, gawa kwa 6.25 unapata karibu gramu 0.5 ya nitrojeni ndani ya gramu 100, si yote inayeyuka lakini subiri uone hiyo nusu gramu maana yake nini.

Tuseme juisi yako ina sukari gramu 50 kwa lita. Asilimia 40 ya sukari ni kaboni, hiyo ni gramu 20. Uwiano wa kaboni kwa nitrojeni, nashauri uanze na 40 kwa uzito, kwahiyo 20 gawa kwa 40 ni gramu 0.5 ya nitrojeni kwa lita. Hiyo ndo bajeti yako yote. Umeona sasa? Magunzi peke yake yangeweza kuimaliza.

Endelea. Tuseme Kjeldahl imekwambia juisi ina 0.25 tayari. Unataka dondoo ya chachu gramu 0.5 kwa ajili ya vitamini, ile ina nitrojeni kama asilimia 10, toa 0.05. Imebaki 0.2. Amonia salfeti ni asilimia 21 nitrojeni, 0.2 gawa kwa 0.212 unapata gramu 0.94, hiyo ndo unaweka. Mtu ambaye hakupima juisi angeweka gramu 2.1, na uwiano wake wa kweli ungekuwa karibu 27 huku kwenye ripoti ameandika 40, halafu analalamika chachu yake haina mafuta.

Kwa nini sio 100 au 150, njaa si ni nzuri? Kwa sababu seli yenyewe bila mafuta ina nitrojeni asilimia 8 hadi 10, kwahiyo nusu gramu inakupa kama gramu 5 tu za seli za kuwekea mafuta. Ukibana zaidi kila seli itanona lakini seli zenyewe ni chache, sukari inakaa wiki nzima haijaliwa. Pia angalia kama karatasi unayosoma inatoa uwiano kwa uzito au kwa moli, hazilingani.

Mlango mwingine wa nyuma ni mbegu. Watu wanakuza chachu ya kuanzia kwenye mchuzi wa YPD, dondoo gramu 10 na peptoni 20, ule mchuzi una nitrojeni karibu gramu 4 kwa lita, halafu wanamimina asilimia 10 yake moja kwa moja. Hiyo ni 0.4, bajeti karibu yote, hata kama seli zimeshakula sehemu yake. Zungusha mbegu kwenye sentrifuji, mwaga mchuzi, osha kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ndo uingize.

Chumvi zingine hazina shida, potasiamu fosfeti gramu 1 na magnesiamu salfeti gramu 1.5 kwa lita zinatosha, fosfeti ichemshe chupa yake peke yake maana ile kalsiamu iliyobaki kutoka kwenye chokaa itaigandisha.

Hatua ya 5: kukuza

Mililita 50 ndani ya flaski ya 250, sio 150, hizi chachu zinataka oksijeni kufa na kupona. Pamba mdomoni, nyuzi 28 hadi 30, mzunguko 180 hadi 200 kwa dakika, siku tano hadi saba. Andaa flaski tatu za kila kitu na flaski moja ambayo ina nitrojeni ya kutosha, uwiano kama 10, hiyo ndo itakuonyesha kama njaa imefanya kazi kweli.

Umeme. Ukikatika usiku mashine inasimama, seli zinatua chini, oksijeni kwisha. Kama idara ina inveta basi mashine ya kutikisa iunganishwe hapo kabla ya kitu kingine chochote, na uandike saa umeme ulipokatika na uliporudi kwenye daftari, hiyo ni data.

Pima pH kila siku. Chachu ikila amonia inaachia ukali, pH inaweza kushuka chini ya 4 na kila kitu kikalala, irudishe kwa sodiamu haidroksaidi iliyochemshwa. Tena, sio amonia.

Hatua ya 6: angalia kwa macho yako

Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kuanzia siku ya pili chukua tone, paka kwenye kioo, kausha, pitisha juu ya moto kidogo, mwagia Sudan Black B ya asilimia 0.3 kwenye ethanoli ya asilimia 70, acha dakika 10 hadi 15, suuza, halafu safranini chini ya dakika moja, suuza tena. Kwenye lenzi ya mara 100 na mafuta ya lenzi, seli zinaonekana pinki na ndani yake vitone vya bluu iliyoiva karibu na nyeusi. Siku ya pili ni vidoadoa. Siku ya nne vimeungana, vimesukuma kila kitu pembeni, seli imevimba na pinki imebaki kama uzi mwembamba ukingoni. Ile flaski yenye nitrojeni nyingi iweke pembeni yake, seli ni nyingi, ni ndefu ndefu, na karibu hazina kitu ndani. Mwonyeshe mtu asiyejua sayansi hivyo vioo viwili, ataelewa bila kuelezwa.

Ukiona vijiti vidogo vinavyotembea tembea hao ni bakteria, flaski hiyo haifai, usiihesabu.

Pima sukari kila siku na usingoje iishe kabisa. Sukari ikiisha chachu inageuka kula mafuta yake yenyewe, ndo kazi ya akiba. Vuna ikibaki kama gramu 5 kwa lita.

Hatua ya 7: vuna na utoe mafuta

Sentrifuji mzunguko 5,000 kwa dakika, iache dakika 10, osha mara mbili kwa maji safi. Seli zilizonona zingine zinaelea juu, usizimwage, zikusanye. Kausha nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike, pima, hiyo ni biomasi kavu.

Ngozi ya toruloides ni ngumu sana, ukimwagia kiyeyushi tu utapata nusu ya mafuta. Ichemshe kwanza kwenye asidi haidrokloriki ya moli 4 kwa lita, nyuzi 60 hadi 80, saa moja mbili. Ikipoa weka klorofomu na methanoli 2 kwa 1, ni ile njia ya Folch na wenzake ya mwaka 1957, tikisa vizuri, weka maji ya chumvi, zungusha, utapata tabaka mbili na mafuta yako chini kwenye klorofomu. Vuta ya chini kwa pipeti kwenye chupa uliyoipima uzito ikiwa tupu, rudia mara mbili, paisha klorofomu ndani ya kabati la hewa (lile linalovuta mvuke nje), pima tena. Kinachobaki ni mafuta ya rangi ya machungwa, kwa sababu ya zile karotenoidi. Usionje.

Kuhakikisha ni trigliseridi weka tone kwenye sahani ya TLC (kromatografia ya tabaka jembamba, inatenganisha aina za mafuta) pembeni ya mafuta ya kupikia ya dukani, heksani, etha na asidi asetiki 80 kwa 20 kwa 1, mvuke wa ayodini, doa kubwa lipande sawa na lile la dukani.

Hatua ya 8: hesabu za mwisho

Toa namba tatu, sio moja. Tuseme flaski ya mililita 50 imetoa biomasi gramu 0.5 na mafuta 0.2, na sukari iliyoliwa ni gramu 40 kwa lita. Mafuta kwenye biomasi ni asilimia 40. Mafuta kwa lita ni gramu 4. Na mafuta kwa sukari iliyoliwa ni 0.10. Watu wanapenda kuitangaza hiyo ya kwanza maana ni kubwa, lakini ya tatu ndo inayosema ukweli wa kibiashara. Kikomo cha kinadharia kwa glukosi ni kama 0.32, kwenye flaski 0.10 hadi 0.20 ni kazi nzuri, ukipata 0.40 ujue kuna maji au klorofomu bado imebaki kwenye chupa, rudi ukaushe.

Hata kwa 0.20, lita moja ya mafuta inakula sukari kilo 4 na nusu. Kwahiyo anayekwambia tutumie sukari ya dukani hajapiga hesabu, na molasi nayo wafugaji na wapika waragi wanaigombania. Ndo maana nang'ang'ania magunzi, na hata hapo bei ya asidi, chokaa na umeme lazima uiandike kwenye ripoti, mawese bado ni rahisi kuliko haya kwa sasa na msimamizi wako anajua.

Taka

Mchuzi uliobaki na seli zote zinapita autoklevu kabla ya kumwagwa. Asidi ishushwe ukali kwanza kwa chokaa. Klorofomu haiendi sinki, hata kidogo, hata mwisho wa muhula mkiwa na haraka: mfereji wa Nakivubo unaishia Murchison Bay na sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Kampala inavutwa Ggaba, ghuba hiyo hiyo. Weka chupa ya kioo ya kahawia yenye mfuniko unaokaza, lebo iandikwe klorofomu na methanoli, tarehe na jina la maabara, ikae ndani ya kabati la hewa, na usiijaze zaidi ya robo tatu, mpaka chuo kiite wanaochukua taka za kemikali.